Mtoto wa Mwanajuri

Barua ya mahakama ilifika siku ambayo mjukuu wangu Lionel aliota jino lake la kwanza, na nyumbani kwetu jino ndilo lililopokelewa kwa shangwe. Barua aliisoma binti yangu Orpha akiwa amesimama mlangoni, mtoto kiunoni, kisha akaikunja na kuitia mfukoni. Nilimuuliza kuna nini. Akasema ameitwa kwenye juri.

Mimi naitwa Marlène, mjane wa Uvira, na hapa Nechells, mtaa wa Birmingham, nimekaa miaka ya kutosha kujua kwamba barua ya serikali haileti keki. Lakini juri nilikuwa silijui. Orpha akanieleza: huku kesi kubwa hakimu haiamui peke yake. Wanachaguliwa watu kumi na wawili wa kawaida, muuza samaki, mwalimu, dereva, yeyote aliyejiandikisha kupiga kura, wanakalishwa pamoja wasikilize, na wao ndio wanaosema mtu ana hatia au hana. Nikacheka. Nikamwambia Waingereza kweli wamechoka, kama wamefikia kumwita mwanamke mwenye mtoto wa miezi sita kifuani aje awaamulie mambo yao.

"Banaachiliaka bamama ba batoto bachanga," alisema mkwe wangu Hugues. Yeye anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, kwa hiyo maneno yake mengi huyasema akipiga miayo. "Unajibu tu, 'I'm breastfeeding', voilà, banakusogezea mpaka mwaka kesho, ao banakusamehe kabisa."

Kanisani nako habari ilishafika. Kanisa letu limepanga jengo dogo kati ya fundi wa matairi na muuza vigae, na akina mama wa maombi hawahitaji kuambiwa jambo mara mbili. Walimzunguka Orpha wakamwombea afunguliwe kutoka katika mkono wa mahakama, kana kwamba yeye ndiye aliyeshitakiwa. Orpha akaitikia amina pamoja nao, akawashukuru mmoja mmoja. Tulipofika nyumbani akakaa na simu yake, akajibu kwamba atakwenda.

Nilikasirika, sifichi. Nilimfuata jikoni nikamuuliza anatafuta nini huko kwa wezi na wauaji, na mtoto hajui hata kula uji. Alikuwa anaosha vyombo. Alijibu bila kugeuka.

"Mama, unakumbuka siku tulienda kwa judge, juu ya makaratasi yetu? Mi nilikuwa na miaka kumi na ine. Tulikaa upande ya kuulizwa. Tangu tufike hii inchi ni sisi tu banauliza. Ku immigration, ku council, ku masomo. Leo bananiita nikae upande ya kusikiliza, na nyinyi munataka niseme maziwa inanizuia?"

Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha sahani. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimekubali.

Shida ikabaki kuwa Lionel. Mtoto yule alikuwa na msimamo wake: chupa hataki. Tulimjaribu kwa chupa za kila umbo, za bei rahisi na za bei ya kuumiza, akazitema zote na kutuangalia kwa dharau. Orpha akapiga simu mahakamani kuwaeleza. Alipata mtu mwenye sauti ya upole, akaambiwa hakimu atajulishwa, atapewa mapumziko, na saa ya chakula yuko huru kutoka. Basi tukapanga. Mimi nitambeba Lionel, nitakaa karibu na mahakama, na Orpha akitoka atamkuta mtoto tayari.

Aliniwekea masharti kabla hatujaondoka asubuhi ya kwanza. Yeye hataniambia neno lolote la kesi, nisimuulize. Na mimi huko nje nisizungumze na mtu yeyote habari za kesi.

"Nitazungumza nini na siijui?" nilimwambia.

"Njo vizuri hivyo," akasema, akanibusu shavuni, akapotelea ndani pamoja na wenzake.

Mimi nikaenda kukaa kwenye bustani ya kanisa moja kubwa la katikati ya mji, hatua chache kutoka pale. Kuna mabenchi, kuna njiwa wanene wasiomwogopa mtu, na watu wa maofisini hupita wakila huku wanatembea, tabia ambayo sitaizoea. Ilikuwa Machi, jua lipo lakini joto hakuna. Nilimfunga Lionel mgongoni kwa kitenge, koti langu juu yake. Alipoanza kulalamika nikamwimbia wimbo wa kwetu, wa kumwambia mtoto anyamaze, mama yake ameenda shamba na atarudi na mihogo.

Kwenye benchi la pili alikuwa ameketi mwanamke wa Kihindi wa rika langu, koti zito juu ya sari, chupa ya chai miguuni. Aliniangalia muda, kisha akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Mama, sasa huyo mtoto hata meno hana, hiyo mihogo atakula na nini?"

Nusura nianguke na mtoto mgongoni. Nilimuuliza amejifunzia wapi Kiswahili.

"Kujifunza aje? Mimi ni wa Kisumu. Nimezaliwa huko, baba yangu alikuwa na duka ya nguo. Huku nililetwa na ndoa." Alisogeza mkoba wake. "Kuja ukae hapa, kwako upepo ni mwingi."

Ningefanyaje? Kuna watu wanaoweza kumkuta mtu anayezungumza lugha yao kwenye mji wa baridi namna hii wakampita kimya. Mimi si wao. Nilihamia benchi lake. Aliitwa Nilam. Alinimiminia chai yenye tangawizi na sukari ya kutosha, tukaanza kuchekana. Mimi nikisema mutoto, yeye anasema mtoto. Yeye akisema "ako", mimi namuuliza hiyo "ako" ni mnyama gani. Alicheka hadi akajipangusa macho. Aliniambia ni kitambo sana hajacheka.

"Nangoja kijana yangu," alisema baadaye, akielekeza kidevu upande wa mahakama. "Ako na shughuli huko ndani. Hataki niingie. Anasema nitachoka bure."

Sasa, Wahindi ninaowafahamu mimi hapa Birmingham wamesomesha watoto wao ufamasia, udaktari na uwakili. Nikaelewa kwamba mwanawe ni wakili, nikampa pole ya kuwa na mtoto mwenye kazi nyingi. Aliniangalia kidogo, akasema asante. Naye akaniuliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikasema ana kazi huko huko. Alisikitika kwamba siku hizi wanawake wanarudishwa kazini kabla hawajapata nguvu. Nikakubaliana naye, na tukaliacha hapo. Kwetu mtu mzima mwenzako humchimbi. Akitaka kusema atasema.

Kila ilipokaribia saa ya chakula simu ya Nilam ililia, akaenda kula na mwanawe, na baada ya muda Orpha alitokea upande mwingine akiwa na haraka, koti limeanza kulowa kifuani. Lionel alinyonya hadi macho yakageuka. Orpha hakusema neno la kesi, lakini nilimwona alivyokaa, mgongo umenyooka, uso umetulia. Jioni kwenye basi aliniambia tu, "Mama, ni kazi nzito," na aliisema kwa furaha. Nilijua binti yangu amepata alichokitaka, nikaona hata baridi ile ina maana yake.

Siku ya tatu Nilam aliomba kumshika mtoto. Nilimfungua kitenge nikampa. Lionel hamkubali kila mtu, lakini kwake alitulia, akashika ncha ya sari akaanza kuitafuna. Nilam akafungua mkoba, akatoa kikuku kidogo cha fedha chenye shanga nyeusi mbili, akamvika mkononi.

"Kwetu mtoto ukimshika mara ya kwanza huwezi mrudisha hivi hivi," alisema. "Ilikuwa ya Rikesh wangu. Nimeitoa jana kwa sanduku, nikasema wacha ipate mkono mdogo tena."

Kwetu pia ni hivyo hivyo. Ukimpokea mtoto wa watu unamshikisha kitu, na anayekataa zawadi ya mtoto ni kama amemtakia mabaya aliyeitoa. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Shanga zile nyeusi zilimpendeza pia juu ya mkono ule mnene.

Siku hiyo mahakama ilitoka mapema. Sisi hatukujua. Tulikuwa bado tunamchezesha mtoto nilipomwona kijana mrefu wa suti anakuja kwenye njia ya bustani, tai ameilegeza. "Hello, aunty," alinisalimia kwa adabu. Alimwambia mama yake twende tukale, kisha akainama akamgusa Lionel shavu kwa kidole, na Lionel akamwonyesha jino lake. Kijana alitabasamu. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Nilam akanirudishia mtoto, wakaondoka wameshikana mikono.

Nilipogeuka nilimwona Orpha. Alikuwa amesimama karibu na geti, mikono mifukoni, hasogei. Alingoja hadi wale wawili wakapotea kabisa, ndipo akaja, akaketi, akamchukua mtoto, akafungua koti. Lionel alianza kunyonya. Ule mkono wenye kikuku ukapanda kwenye shingo ya mama yake kama kawaida.

"Ule mama ni nani?" aliniuliza taratibu.

"Nilam. Mtu wa Kisumu. Anasema Swahili kutupita."

"Na ule kijana?"

"Mutoto wake. Ni avocat."

Orpha alifumba macho. "Haiko avocat, Mama."

Hakuongeza neno, kwa kuwa hakuruhusiwa. Wala sikuhitaji. Kwa siku tatu nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mama wa mshitakiwa, na nimempa pole kwa sababu mwanawe ana kazi nyingi.

"Hatukuongea neno moja ya kesi," nilisema. "Kesi yenyewe siijui."

"Ninajua, Mama."

"Basi. Hakuna mutu ameona."

"Mi nimeona."

Niliushika ule mkono mdogo. Nikamwambia tukivue kikuku, kesho nitamrudishia mwenyewe polepole, na yeye arudi akaketi mahali pake, mambo yaishe. Mtoto ndiye aliyepewa, wala si yeye. Orpha alitikisa kichwa.

"Ni mutoto ya juror. Mama ya ule kijana amepatia mutoto ya juror kitu. Huku hiyo iko na jina mubaya sana."

"Ni kikuku, Orpha."

"Ninajua ni nini. Batu ba mahakama habajui."

Hasira zilinipanda, na hazikuwa za Orpha. Nilikasirikia nchi ambayo mwanamke anamvika mtoto shanga na jambo linapata jina la jinai. Kisha hasira ikashuka nikabaki na hofu. Nilimuuliza kama watamkamata Nilam. Akasema atawaeleza yote, kwamba yule mama hakujua, kwamba hata mimi sikujua. Nikamuuliza na wewe je. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Mi batanitosha inje ya juri," akasema.

Alimwacha Lionel anyonye hadi akashiba mwenyewe. Hakumharakisha. Kisha akakivua kikuku, akakifunga kwenye leso, akainuka kwenda. Nilimwona akipita kati ya wale watu wanaokula huku wanatembea, na nilitaka kumwita arudi. Sikumwita.

Hakukaa sana. Hakimu alimuuliza maswali machache kwa upole, akamshukuru kwa kusema mwenyewe, akamwachilia. Kesi itaendelea na wale kumi na mmoja waliobaki. Kikuku kitarudishwa kwa mwenyewe. Kwenye basi Orpha alikaa upande wa dirisha, na tulipopita mzunguko wa barabara kabla ya kwetu nikaona machozi yanamtoka bila sauti. Nilimwomba anisamehe. Akasema hakuna cha kusamehe, nilimsalimia mtu tu. Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenigombeza.

Nyumbani Hugues alifurahi kwamba mke wake amerudi. Akina mama wa maombi nao walifurahi zaidi. Walisimama Jumapili kushuhudia kwamba Mungu amejibu. Orpha aliketi kimya katikati yao akimtikisa mtoto, na mimi nikapiga makofi pamoja nao kwa vidole viwili tu.

Wiki kadhaa baadaye nilikwenda Ladypool Road kutafuta bamia na ndizi za kupika. Nilam alikuwa dukani, anachagua biringanya. Nilitaka kurudi nyuma, lakini alishaniona, akaja, akanishika mkono. Alikuwa amekonda.

"Waliniita wakaniuliza maswali mengi," alisema. "Kumbe mama ya huyo mtoto alikuwa mmoja wao. Si ungeniambia, Marlène? Hapana, ungeniambia vipi. Hata mimi sikukuambia."

Nilimuuliza habari za Rikesh. Akasema amefungwa. Alilisema hilo akiwa amelizoea, halafu sauti yake ikabadilika.

"Aliniambia kitu. Alisema kulikuwa na msichana mmoja Mwafrika amekaa mwisho wa laini. Wengine walikuwa wanaandika, wengine wanaangalia chini. Huyo tu ndiye alikuwa anamwangalia usoni, kila siku. Rikesh aliniambia, 'Mum, she believed me.' Siku kiti yake ilibaki tupu, kijana yangu akakata tamaa." Aliweka biringanya chini. "Na ni mimi nilimwondoa. Na mkono wangu huu."

Tulisimama tumeshikana mikono mbele ya mizani, watu wakatuzunguka kupita. Kabla hatujaachana aliniambia kila Jumamosi huja pale, na akauliza kama siku moja anaweza kumwona mtoto, sasa kesi imeisha.

Nilimweleza Orpha jioni ile, yote, bila kuficha. Niliona yeye alisema kweli iliyomgharimu, na mimi siwezi kumficha hii. Alikuwa anamlisha Lionel uji. Aliweka kijiko chini.

"Ya benzangu siwezi kukuambia hata siku moja," alisema. "Ya kwangu peke yangu, sawa." Alimpangusa mtoto kidevu. "Nilikuwa ninamuangalia sana juu nilikuwa ninatafuta nimuamini, Mama. Kila siku nilitafuta. Nikakosa."

Nilimuuliza, hata kidogo? Akasema hata kidogo. Akachukua kijiko, akaendelea kumlisha.

Mimi ni mtu wa kusema. Anayenijua analijua hilo. Kwa siku zile nilizunguka na neno hilo mdomoni, jikoni, kanisani, kitandani. Nilifikiri labda Nilam angepata nafuu akilijua, kwamba hakumwondolea mwanawe mtu yeyote. Kisha nikafikiri kuhusu Rikesh huko aliko, na kile alichobaki nacho.

Jumamosi nilimfunga Lionel mgongoni nikaenda Ladypool Road. Nilam alikuwa nje ya duka, amewahi. Hakunyoosha mikono. Aliuliza kwanza kama mama yake amekubali. Nikasema amekubali, nikamfungua mtoto nikampa. Alimwegemeza begani, akamnusa kichwa kama tunavyofanya sote.

"Yeye alisema nini?" aliniuliza bila kuniangalia. "Mama yake. Alimwamini Rikesh wangu, si ndiyo?"

"Alimwangalia, Nilam," nilisema. "Kila siku alimwangalia."

Akaitikia kwa kichwa, akamkumbatia mtoto vizuri zaidi.